Nywele, Moto na Masika: Kumbukumbu ya Nachingwea na Ruangwa

Kunyoosha nywele kwa moto ni kazi isiyoisha, na sababu yake imo ndani ya unywele wenyewe. Unywele umejengwa kwa protini iitwayo keratini, na nyuzi za protini hiyo zimeshikana kwa vifungo vya aina mbalimbali. Vifungo vya haidrojeni, ambavyo ni vingi na dhaifu, huachia kwa maji au kwa joto, kisha hujifunga upya unywele ukikauka au kupoa. Kitana cha moto hupitia mwanya huo: hulegeza, huvuta, na unywele ukipoa hubaki ulivyovutwa. Ukiguswa na unyevu, hata jasho la shingoni tu, vifungo hulegea tena na mawimbi hurudi. Aliyetoka nyumbani nywele zimelala huwa timtim kabla ya adhuhuri, na kesho yake jiko huwashwa upya.

Chunyu na vijiji vingine vya wilaya za Nachingwea na Ruangwa, kusini mwa Tanzania, vina msimu mmoja wa mvua, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili hivi. Kiangazi, hewa ikiwa kavu, nywele zilizopitishwa kitana zilistahimili siku mbili tatu. Masika zilikuwa hazimalizi hata safari ya kwenda gulioni. Fedha nazo zilikuja kinyume na mahitaji. Korosho huvunwa na kuuzwa mwishoni mwa mwaka, siku hizi kwa minada ya chama kikuu cha ushirika cha RUNALI, kinachohudumia Ruangwa, Nachingwea na Liwale. Saluni zilijaa wakati huohuo mawingu yalipokuwa yanakusanyika, hivyo pesa nyingi kuliko zote za mwaka zilitumika kunyoosha nywele ambazo mvua ilizikunja kabla ya Jumapili.

Kitana chenyewe kilikuwa cha chuma, chenye mpini wa mbao, na kilipashwa juu ya jiko la mkaa. Ulaya na Marekani chombo cha namna hiyo kilikuwa kinatumika tangu mwishoni mwa karne ya 19. Hakikuwa na kipimo cha joto. Mama mdogo wa mwandishi, aliyewahudumia wasichana wa nyumba tatu au nne za jirani, alikigusisha kwenye kipande cha gazeti: karatasi ikigeuka rangi ya kahawia, alikipungia hewani kwanza, ikibaki nyeupe, alikirudisha jikoni. Nywele zilipakwa mafuta mapema, yakachemka na kutoa moshi wenye harufu iliyokaa chumbani hadi jioni. Aliyeketi alishika sikio lake kwa kidole na kulikunja chini, huku akiambiwa, “Tulia, mwanangu, chuma hakina macho.” Hata hivyo wengi wa wasichana hao wana alama ndogo ya moto juu ya sikio au kwenye paji la uso.

Wateja wengi walikuwa wasichana waliotoka kumaliza kidato cha nne. Shule nyingi za serikali huwataka wasichana wakate nywele zao ziwe fupi, kwa hiyo msichana hufika miaka 17 au 18 bila kuwahi kuzifuga. Zinapoanza kurefuka hajui zinataka nini, na aliye karibu kumsaidia ana kitana mkononi. Hapa ndipo mazoea ya moto yalipoanzia kwa walio wengi. Ilikuwa zaidi kukosa elimu ya nywele kuliko kuzichukia, ingawa maneno ya dharau kuhusu nywele za kipilipili nayo yalikuwepo na yaliuma.

Jambo moja huwashangaza wageni: sehemu hii ina Waislamu wengi, na mwanamke anapotoka nje mara nyingi huwa amejitanda mtandio. Nywele zilizopigwa kitana zilionekana na wanawake wenzake tu, uani, kwenye shughuli za unyago na harusi. Mtandio uliotunza heshima ulitunza pia jasho, na jasho lilivunja kazi ya asubuhi. Mtu alijichoma mara kwa mara kwa ajili ya macho machache, tena ya ndugu zake.

Dawa ya nywele ilionekana kuwa ndiyo ufumbuzi. Dawa hizo, nyingi zenye hidroksidi ya sodiamu, hazilegezi vifungo vya haidrojeni tu; huvunja vile vya salfa, ambavyo maji hayawezi kuvirudisha. Unywele uliotiwa dawa haukunjiki tena kwa mvua. Lakini nywele hukua wastani wa sentimita moja na zaidi kidogo kwa mwezi, na kila kinachochipua ni cha asili, chenye mawimbi. Panapokutana pande hizo mbili ndipo nywele hukatika. Walioogopa kurudia dawa mapema walipitisha moto kwenye mizizi, wakapata madhara ya vyote viwili. Mwaka 2022 utafiti wa Marekani uliofuatilia wanawake zaidi ya 33,000 ulionyesha uhusiano kati ya matumizi ya mara kwa mara ya dawa za kunyoosha na saratani ya mfuko wa uzazi: makadirio ya kuipata kufikia umri wa miaka 70 yalikuwa asilimia 4.05 kwa watumiaji hao, dhidi ya 1.64 kwa wasiotumia.

Umeme ulibadili chombo, haukubadili kazi. Wakala wa Nishati Vijijini, REA, ulianza shughuli mwaka 2007, na nyaya zilipofika vijijini pasi za nywele na draya zilifuata. Pasi ya umeme inaweza kufika nyuzi joto 230, kiwango kinachoiharibu keratini yenyewe. Tena urahisi wake ulikuwa mtego. Kitana kilihitaji mkaa, muda na mtu wa pili. Pasi ilihitaji soketi tu, hivyo aliyekuwa akijichoma mara mbili kwa wiki alianza kila asubuhi. Kibaya zaidi ni kuipitisha kwenye nywele mbichi: maji yaliyo ndani ya unywele huchemka, huacha vipovu, na unywele hukatikia hapo.

Mageuzi yalianzia kwenye kukatika huko, hasa nywele za mbele. Mama mdogo aliyetajwa alikuwa wa kwanza mtaani kwake kuacha moto, naye hakuwa na hoja yoyote ya utamaduni. Alichoka kufagia vipande vya nywele. Unywele uliokwisha kuungua haurudishi mawimbi hata ukilowekwa, kwa hiyo njia zilikuwa mbili: kunyoa zote na kuanza upya, au kukata ncha kidogo kidogo huku mizizi ikirefuka. Wengi walichagua ya pili, wakajificha miezi hiyo ndani ya msuko wa twende kilioni au nywele zilizosukwa kwa uzi mweusi, ufundi wa bibi ambao hunyoosha nywele bila cheche ya moto.

Baada ya hapo maji, yaliyokuwa adui wa kila masika, yakawa chombo cha kazi. Nywele huchanwa zikiwa zimelowa, kwa kitana cha meno mapana, kuanzia nchani kwenda kwenye mizizi. Hupakwa mafuta ya nazi, ambayo hupenya ndani ya unywele na kupunguza upotevu wa protini wakati wa kuosha. Kisha husokotwa mbilimbili na kuachwa zikauke zenyewe, kwa kuwa vifungo vya haidrojeni hujifunga kufuata umbo vinalokutana nalo. Zikifumuliwa, mawimbi huwa yamepangika, na unyevu wa mchana huyajaza badala ya kuyavunja. Masika, mwandishi anavyoona, ndio msimu nywele hizi zinapopendeza zaidi.

Wapo waliohamia kwenye wigi, na hao walipandishiwa gharama: bajeti ya 2019/20, iliyosomwa na aliyekuwa Waziri wa Fedha, Philip Mpango, ilipendekeza ushuru wa asilimia 25 kwa nywele bandia zinazoingizwa nchini na asilimia 10 kwa zinazotengenezwa ndani.

Pasi haijatoweka. Kwa harusi na Idi bado hutolewa kabatini. Msusi mwenye uzoefu huosha kwanza, hukausha kabisa, hupunguza joto na kupitisha mara moja kila fungu. Wiki inayofuata mteja huosha kichwa, na nywele zisizoungua hukunjika tena.