Faili Lipo, Kompyuta Yasema Halipo

Miaka niliyofundisha kwenye maabara ya kompyuta ya chuo, kilio kikubwa cha wanafunzi kilikuwa kimoja. Programu imesakinishwa salama, ukiifungua inagoma: faili fulani la maktaba halijapatikana. "Mwalimu, imeharibika." Haijaharibika. Programu nyingi hazibebi kila kitu. Hutegemea mafaili ya pamoja ambayo yanatakiwa yawemo tayari kwenye mashine.

Mwaka 2014 vijana wetu walikuwa wameshika kasi ya kutengeneza programu za Android, na mashine zetu zilikuwa na Ubuntu ya biti 64. Wakapakua adb, kifaa cha kuunganisha simu na kompyuta, kwa bando la kuchangishana. Ukiandika ls, amri ya kuorodhesha mafaili, adb unaiona. Ukiiita, unajibiwa kwamba hakuna faili wala folda ya jina hilo! Wengine walikagua herufi moja moja, wengine wakaipakua upya, bando likaisha.

Nikaandika amri ya file, kisha jina la adb. Majibu yakaonyesha kwamba ni programu ya biti 32, na kwamba inamhitaji mpakiaji wake, yaani wa kuipakia ianze kazi, /lib/ld-linux.so.2. Huyo ndiye aliyekosekana. Linux ilikuwa ikimsema yeye, ila haikumtaja jina, na hapo naona waliouandika ujumbe ule waliwatesa watu bure. Tukasakinisha maktaba za biti 32: libc6:i386, libncurses5:i386 na libstdc++6:i386, adb ikaamka. Ikafuata aapt, kifaa kingine cha Android, kulilia libz.so.1, hiyo tuliipa lib32z1.

Kwa Linux, basi, shika ldd. Inakuorodheshea kila maktaba ambayo programu inaihitaji, na isiyopatikana inakuandikia hivyo hivyo.

Kwenye Windows kinachonitia hofu ni dawa zenyewe. Ikikosekana MSVCP140.dll, nayo ni faili la maktaba, kijana anaitafuta mtandaoni, anaichukua kwa mtu asiyemjua na kuitupia System32. Pengine imebeba virusi; pengine ni ya biti 32, wakati System32 ya Windows ya biti 64 huweka za biti 64, na za biti 32 hukaa SysWOW64. Faili hilo huja na Visual C++ Redistributable, ambayo Microsoft wenyewe huitoa bure. Kwenye Windows ya biti 64, sakinisha ya x86 (biti 32) na ya x64 (biti 64).

Nawaomba vijana: jina la faili linalotajwa kwenye kosa liandikeni kabla hamjafunga dirisha, na dll ya mtu msiyemjua msiiingize kwenye mashine zenu.