Barua kwa Mpwa Wangu Aliyerithi Shule

Kitale,
8 Februari 2026

Kwa mpwa wangu mpenzi,

Ile rasimu ya mpango wa miaka kumi uliyoniletea nimeisoma yote kwa makini, na nimefurahi kuona ya kuwa tangu marehemu dada yangu, mama yako, atutoke, shule yake haikukosa mtu wa kuifikiria. Mna humo ghorofa ya madarasa, bwalo jipya, basi la pili na bweni la wasichana, na kila kimoja kimewekewa mwaka wake na gharama yake. Lakini nilipomaliza kusoma nilitanabahi kwamba kila ulichokiandika ni jambo utakaloliamua wewe mwenyewe, wala hamna hata ukurasa mmoja wa yale yatakayoamuliwa na wengine: serikali, mvua, kiwanda na mauti. Shule isiyo ya serikali huishi au hufa kwa hayo, na kwa hiyo mpango wake hauna budi kuanzia hapo.

Historia ya nchi yetu inao ushahidi. Baada ya ule mzozo wa 1929 baina ya wamisheni na Wakikuyu juu ya tohara ya wasichana, wazazi walitoa hela zao wenyewe wakajenga shule zisizokuwa za misheni wala za serikali, wakaziundia vyama, KISA na Karing'a, na mwaka 1939 Mbiyu wa Koinange akafungua chuo cha walimu huko Githunguri ili shule hizo zisiwe zikiomba walimu kwa watu wengine. Waliona mbali watu wale, na michango ya marika yao iliwatosha kufanya makubwa. Hata hivyo, hali ya hatari ilipotangazwa Oktoba 1952, shule zao zilifungwa kwa amri, baadhi zikafunguliwa baadaye chini ya bodi za elimu za wilaya, na Githunguri penyewe pakageuzwa mahali pa kunyongea watu. Siyasemi haya kukutia hofu, kwani hutawaliwi na gavana wa kikoloni. Nayasema ili ukumbuke kwamba bidii, hata iwe kubwa namna gani, haitoshi pasipo kujua ni kalamu ya nani inayoweza kuibatilisha.

Na katika zama zako wewe kalamu hiyo haikulala. Januari 2003 karo ilipofutwa katika shule za msingi za umma, wengi walidhani shule za binafsi zimekwisha. Lakini wanafunzi wa shule za msingi nchini waliongezeka kutoka milioni 5.9 hivi hadi karibu milioni 7.2, madarasa yakafurika, na wazazi waliochelea msongamano ule wakaziendea shule kama ya mama yako. Machi 2020 shule zote zilifungwa kwa sababu ya korona, nazo hazikufunguliwa kikamilifu hadi Januari 2021. Walimu wa umma waliendelea kupokea mishahara, na wa shule za binafsi, wengi wao, wakarudi shambani au wakapanda bodaboda. Januari 2023 Gredi ya 7 iliwekwa katika shule za msingi, serikali ikaahidi shilingi 15,042 kwa mwaka kwa kila mwanafunzi wa umma, na TSC, tume ya walimu wa umma, ikaajiri maelfu ya walimu kwa mpigo, ambao si wachache kati yao walitoka katika madarasa ya watu kama wewe. Amri ya kwanza ilikuletea wanafunzi, ya pili ikakunyima karo, ya tatu ikakuchukulia walimu, na hakuna hata moja iliyotaka shauri lako. Basi kwanza, kabla ya tofali moja la ghorofa, weka akiba ya mishahara ya muhula mzima, katika akaunti ambayo sahihi yako peke yake haiwezi kuifungua. Na pindi itakapotimia, mwambie kila mwalimu kwamba ipo, kwa kuwa mwalimu akijua tarehe ya mshahara wake huwa mgumu kushawishika kuondoka.

Pili, tazama mfuko wa mzazi wako, maana karo unayoiandika kwenye mpango haitoki benki, inatoka ardhini. Sisi wa huku Trans Nzoia na ninyi wa Bungoma huvuna mahindi kuanzia Oktoba, kwa hiyo Januari mzazi ana cha kutoa. Lakini ikifika Machi na Aprili fedha yote imekwenda kwenye mbegu na mbolea, na muhula wa pili humkuta mikono mitupu. Mwenye miwa huingoja zaidi ya mwaka ikomae, kisha akangoja tena malipo ya kiwanda, ambayo katika nchi hii ya Nzoia yamewahi kuchelewa hadi watoto wakarudishwa nyumbani. Nawe wakumbuka kiwanda cha karatasi cha Webuye kilipofungwa mwaka 2009, jinsi mji mzima ulivyopungukiwa na mshahara. Tena usisahau ada ya Babukusu: wavulana hutahiriwa mwezi wa Agosti katika miaka ya shufwa, na huu wa 2026 ni shufwa; baba anayeandaa sherehe, kuchinja na kulisha jamaa, hatakuwa na karo ya muhula wa tatu tarehe unayoitaka wewe. Mtu aliyezaliwa Sirisia hahitaji mtaalamu wa Nairobi kumfundisha haya, lakini katika rasimu yako sikuyaona. Igawe karo ili sehemu kubwa ilipwe Januari na ndogo Mei, upokee mahindi na maharagwe ya jikoni kwa bei ya soko la Chwele siku hiyo, yapimwe mbele ya mzazi na kuandikwa, kwani wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari.

Tatu, amua shule yako haitakuwa nini. Naona umetamani sekondari pevu, kwa kuwa wanafunzi wa kwanza wa Mtaala wa Umilisi wameingia Gredi ya 10 mwezi uliopita, na wazazi wa Gredi ya 9 wanakuuliza watoto wao waende wapi. Swali lao ni la haki, ila jibu si lazima liwe kwako. Mikondo mitatu ya ngazi hiyo, ya sayansi na teknolojia, ya sayansi ya jamii, na ya sanaa na michezo, yadai maabara, viwanja na walimu wa masomo mengi, nawe ungeshindana na Kamusinga, Lugulu na Kibabii, shule ambazo makanisa yalizijengea jina kwa miongo mingi. Ukibaki na shule ya kutwa inayoishia Gredi ya 9, ambamo kila mtoto anajua kusoma vizuri kabla hajafika Gredi ya 4, na mwalimu anamjua mzazi kwa jina, utakuwa na jambo ambalo madarasa yaliyojaa hayawezi kulitoa, na ambalo mzazi atalilipia hata penye shule ya bure. Futa bweni, gharama yake ielekeze kwenye vitabu na mafunzo ya walimu wa gredi za chini.

La nne ndilo lililonifanya nikuandikie barua badala ya kukupigia simu. Hati ya kiwanja cha shule ingali kwa jina la marehemu mama yako, na ndugu zako, ambao leo wanakupenda, kesho watakuwa na wake, na watoto, na madeni. Nilipokuwa mkaguzi wa shule pwani nilifika Lamu, nikaiona madrasa ya Riyadha aliyoiasisi Habib Saleh zaidi ya miaka mia moja iliyopita. Yeye mwenyewe alifariki katika miaka ya 1930, na hadi leo wanafunzi wanasoma pale, kwa sababu elimu ile haikuachwa iwe mali ya mtu mmoja. Nawe fanya vivyo kwa njia za sheria zetu: fungua faili ya mirathi katika mahakama ya Bungoma, kaa na ndugu zako, mpe kila mmoja haki yake kwa maandishi, kisha shule na kiwanja chake viwekwe chini ya bodi ya wadhamini, wasio wote wa ukoo wetu, wenye uwezo wa kukuuliza hesabu na hata kukuondoa. Najua neno hilo la mwisho litakuuma. Lakini shule ambayo mkuu wake haondoleki itakwisha siku atakapoondoka yeye.

Basi mpango wako uandike upya kwa utaratibu huu: mirathi na wadhamini mwaka huu kabla ya Agosti, akiba ya mishahara katika miaka miwili, ratiba mpya ya karo Januari ijayo, walimu na vitabu baada ya hapo, na ghorofa, ikiwa wadhamini watairidhia, mwisho wa yote. Ukiiandika hivyo, nitakuja Bungoma mwenyewe nikae nawe na ndugu zako mezani, nami nitakuwa shahidi wa kwanza kutia sahihi.

Wasalaam,
Mjomba wako