Nyenze wa miaka 17 walipoamka Maryland

Nyenze wa Afrika Mashariki hulia kila mwaka jua likiwa kali, na hakuna anayekatiza mazungumzo kwa ajili yao. Wa Maryland, Marekani, ni wengine kabisa. Mei 2021 walitoka ardhini baada ya kukaa humo miaka 17, wakiwa na macho mekundu, wengi kupita kuhesabika. Katika vitongoji kama Silver Spring na Bethesda, mazungumzo ya uani yalikatika kweli.

Hawatoki ovyo. Husubiri udongo upate joto la nyuzi 18 hivi, kwenye kina cha sentimita 20, kisha hufumuka usiku. Asubuhi familia zilikuta vitundu vya ukubwa wa kidole chini ya miti, na maganda matupu yameng'ang'ania kuta, matairi ya gari na bembea za watoto.

Siku chache baadaye zikaanza kelele. Wanaolia ni madume, wakiita majike kwa viwambo viwili vilivyo ubavuni mwa tumbo. Karibu na mti waliojazana, sauti hufika desibeli 90 au zaidi, kama mashine ya kukata nyasi. Usiku hunyamaza, ahueni kwa wenye vichanga, lakini usingizi wa mchana ndio huharibika.

Kwa mtoto mwenye masikio mepesi, wiki nne hadi sita ni nyingi. Kumwambia kwamba wadudu hawa hawana sumu wala mwiba ni kweli, ila hakupunguzi sauti hata kidogo. Heri kumtoa nje alfajiri, kukiwa na ubaridi na wadudu wamepoa, aokote ganda na kulitazama kwa utulivu. Adhuhuri ni madirisha kufungwa. Na mashine ya nyasi isiwashwe mchana, maana mngurumo wake huwavuta.

Mbwa waliwala mpaka wakatapika. Watu nao waliwakaanga, hadi mamlaka ya chakula na dawa ikawaonya wenye mzio wa kamba na kaa wasiwaguse. Juni, ndege ya waandishi wa habari waliokuwa wakienda Ulaya kuripoti ziara ya Rais Joe Biden ilicheleweshwa kwa saa kadhaa kwa sababu nyenze waliingia kwenye mitambo yake. Wenye miche michanga waliifunika kwa wavu, kwa kuwa jike hupasua vijiti ili atage humo.

Kisha wakafa, wakanuka, kimya kikarudi. Wiki chache baadaye mayai yakaanguliwa, na vitoto vidogo kuliko punje ya mchele vikadondoka na kujichimbia kwenye mizizi, vingine chini ya bembea zilezile. Vitatoka 2038. Mtoto aliyeziba masikio akiwa na miaka mitano atakuwa na miaka 22.