Ungeniita, Ningegeuka

Nianze na kosa langu, maana bila hilo haya mengine nitakuwa nazuga tu.

Masika ya 2018 Mto Msimbazi ulifurika, maji yakaingia kwenye nyumba za bondeni kule Jangwani. Wakati huo nilikuwa najifunza upigaji picha, na kamera ya chuo tulikuwa tunapokezana, siku mbilimbili kila mtu. Zamu yangu ikaangukia siku ya mafuriko. Sitaficha: nilifurahi. Watu wanahamisha vyombo, mimi moyoni nasema leo nimepata.

Nikamwona mama mmoja anayetuuzia maandazi mtaani. Maji yamemfika mapajani, godoro liko kichwani, kanga imemganda mwilini, kilemba kimeshakwenda na maji. Mdomo uko wazi, anamwita mwanawe. Nikapiga mara saba. Shikamoo sikumpa. Godoro sikumpokea, mikono yangu ilikuwa imeshika kamera.

Chuoni mwalimu aliichagua moja akaibandika ukutani. "Hii ndiyo picha," akasema. Washikaji wakanipa mkono. Wiki nzima nilitembea kama mtu aliyekwishapata kazi gazetini.

Unielewe, ndugu msomaji. Mimi nililelewa na picha za namna hiyo.

Wa kwanza kunivuta alikuwa Mohamed Amin. Alizaliwa Nairobi mwaka 1943, akakulia Tanganyika, na kampuni yake ya Camerapix aliianzishia hapahapa Dar es Salaam. Kwangu hilo lilikuwa jambo kubwa: kumbe mwenzetu! Oktoba 1984 aliingia Korem, Ethiopia, akapiga filamu ya watu waliokuwa wanakufa njaa. Wengi duniani walikuwa hawana habari. BBC ilipoirusha filamu ile, watu walishindwa kula chakula chao cha jioni. Misaada ikaanza kumiminika, na mwaka uliofuata likafanyika tamasha la Live Aid. Mwaka 1991 ghala la silaha lililipuka Addis Ababa, Amin akapoteza mkono mmoja. Alirudi kazini na mkono wa bandia. Alifariki Novemba 1996, ndege ya Ethiopia iliyotekwa nyara ilipoanguka baharini karibu na Komoro. Nilikuwa nikisoma habari zake najiambia, huyu ndiye mwanaume, na mimi nitakuwa hivi.

Wa pili ni Kevin Carter wa Afrika Kusini. Picha yake ya 1993, kusini mwa Sudan, nadhani umewahi kuiona: mtoto ameinama chini kwa njaa, na nyuma yake tumbusi ametua, anamtazama. Aprili 1994 ilipata tuzo ya Pulitzer. Watu wakauliza, mtoto aliishia wapi? Carter alieleza kwamba alimfukuza yule ndege. Julai mwaka huohuo alijiua, akiwa na miaka 33. Nilikuwa na fotokopi ya picha ile juu ya kitanda changu. Kila usiku niliangalia nafasi iliyopo kati ya mtoto na ndege, nikistaajabu jinsi ilivyokaa sawasawa. Nafasi ya kati ya mtoto na mwenye kamera haikunijia akilini hata siku moja.

Basi, mwezi ukapita, nikaenda kuisafisha ile picha ya mama, kubwa, kwa hela yangu. Nikampelekea nikidhani nampa zawadi. Alifuta mikono unga, akaishika, akaitazama muda mrefu. Kisha akasema, "Mwanangu, ndiyo umenitoa hivi? Kichwa wazi?"

Nikaanza kumweleza habari za ukweli na uhalisi, maneno ya darasani. Akaniacha nimalize. Akailaza picha kifudifudi mezani, akaweka jagi la maji juu yake.

"Ungeniita tu," akasema. "Ningegeuka."

Jamani, sikulala. Nikajitetea: mbona Amin hakuuliza mtu Korem? Angemuuliza nani, na watu wanakata roho? Hoja hiyo bado naiheshimu. Kuna saa ambayo kuomba ruhusa ni kupoteza muda, na picha ikichelewa watu wanakufa. Lakini nikajilinganisha, na hapo ndipo nilipokwama. Picha za Amin zilileta chakula. Yangu ilileta maksi.

Siku hizo ndipo nilipokutana na Seydou Keïta, maktaba, katika kitabu kilichochanika jalada. Keïta alikuwa wa Bamako, Mali. Mwaka 1948 alifungua studio, akawa anawapiga watu picha uani kwa mwanga wa jua. Pazia lake la kwanza la nyuma lilikuwa shuka ya kitandani kwake mwenyewe. Alikuwa na suti, saa, kalamu, redio, hata skuta, mteja anachagua atakachopenda kuonekana nacho. Na kwa kuwa vifaa vilikuwa ghali, kwa kawaida mtu alipigwa mara moja tu. Mara moja! Mimi saba, na sikupata hata moja ambayo mwenyewe ameikubali.

Mwanzoni nilicheka. Nikasema hizi ni picha za kujifanya. Lakini nikakumbuka picha ya bi mkubwa wangu pale sebuleni, aliyopiga Kariakoo akiwa msichana. Ameshika simu sikioni, na waya wa simu haujaunganishwa popote. Miaka yote naitania picha ile. Nikamuuliza, mama, ulikuwa unaongea na nani? Akajibu bila kucheka: "Nilikuwa naongea na nyinyi." Alikuwa bado hajaolewa.

Nikarudi bondeni bila kamera. Nikamwamkia yule mama, nikamwomba radhi, nikamuuliza kama atakubali tuanze upya. Akasema nisubiri Idi. Nikasubiri.

Siku ya Idi nilimkuta amevaa kanga mpya doti nzima, kilemba amekifunga kwa mtindo, wanja machoni. Nikatundika shuka ukutani, kama Keïta. Nikamwambia, haya mama, kaa utakavyo. Akaangalia huku na huku, akaingia ndani, akatoka analiburuta lile godoro. Lilikuwa limekauka, lina ramani za maji ya tope.

"Na hili liingie," akasema. "Si ndilo nililoliokoa?"

Akalisimamisha pembeni yake, akaliwekea mkono kama mtu anayemshika mwanawe begani. Nikapiga mara moja.

Mwalimu aliiona akasema ni picha ya studio tu, ile ya kwanza ina nguvu zaidi. Sikubishana naye. Kwa namna fulani ni kweli.

Picha ya pili iko ukutani kwa mama, karibu na kalenda, kila mteja wa maandazi anaonyeshwa. Ile ya kwanza nilimwomba mwalimu aishushe, akaishusha. Lakini bado ninayo, sijaifuta. Kila nikiandaa picha za kuombea kazi naitoa, naitazama, nairudisha. Ni nzuri. Tabu yangu iko hapo.