Msala wa Misali



Sisi ni watu wa bara. Kwetu Tunduma, mpakani mwa Tanzania na Zambia, maji tuyajuayo ni ya mto, ya kisima na ya mvua. Bahari tuliisikia tu katika mazungumzo ya madereva wa malori watokao Dar es Salaam. Basi watoto walipofunga shule tuliazimia kuwapeleka wakaione. Tulisafiri kwa basi zaidi ya kilomita 900, tukavuka kwa boti hadi Unguja, kisha Pemba. Bibi yao, ambaye hajapata kuiona bahari maishani mwake, alituusia jambo moja: "Nileteeni kitu cha baharini, nami nikishike kwa mkono wangu."

Asubuhi moja tuliondoka Wesha, bandari ya Chake Chake, tukielekea magharibi kwenye kisiwa kidogo cha Misali. Mwongozaji wetu alikuwa mtu mzima, mvuvi wa zamani. Njiani alitusimulia hadithi ya wazee wa Pemba, kwamba Nabii Khidhri alifika kisiwani humo akawaomba wavuvi msala apate kusali. Walipokosa, akasema kisiwa chenyewe, kwa vile kimeelekea kibla, kitakuwa misali ya msala. Hiyo, wasema wazee, ndiyo asili ya jina lake.

Tulipofika alitugawia miwani ya kuzamia na mirija ya kupumulia. Alitufundisha kuuma mrija, kuvuta pumzi polepole, na kuelea pasipo kukanyaga matumbawe. Akina mama waliingia majini na mavazi yao ya stara, maboya vifuani. Mwanzoni tulikunywa maji ya chumvi na kuchekana. Kisha tukatulia, tukainamisha nyuso zetu. Subhanallah! Chini yetu palikuwa na bustani, na pono, changu na vikande wakipita makundi kwa makundi kana kwamba sisi hatupo. Mwongozaji alitueleza kuwa tumbawe si jiwe wala si mti, bali ni nyumba ya chokaa iliyojengwa na wanyama wadogo mno, na mengine hayaongezeki hata sentimita moja kwa mwaka.

Hapo ndipo tulipokosea. Kijana wetu wa miaka kumi na miwili alivunja tawi la tumbawe, akalificha ndani ya shati. Sisi wazazi tulimwona. Tulikumbuka usia wa bibi, tukajisemea kuwa tawi moja katika bahari nzima si kitu, tukanyamaza.

Tulipopanda botini mwongozaji aliliona. Hakukemea. Alimwuliza kijana kwa upole: "Mwanangu, ukienda msikitini ukakuta msala mzuri, utaukata pindo uende nalo nyumbani?" Kijana akainama. Mzee yule akalichukua tawi, akalirudisha majini, kisha akatutazama sisi wakubwa, wala hakusema neno. Tuliona haya kuliko kama tungetukanwa.

Baadaye alitueleza yaliyopita. Zamani wako waliovua kwa baruti, wakiua samaki wakubwa na wachanga pamoja na kuivunja miamba. Joto la bahari la mwaka 1998 nalo likaua matumbawe mengi. Mwaka huo huo Serikali ya Zanzibar ilikitangaza kisiwa kuwa eneo la hifadhi, na tangu 2005 kimo katika hifadhi kubwa zaidi ya Mkondo wa Pemba. Lakini sheria peke yake, alisema, haikuingia moyoni mwa kila mvuvi. Mwishoni mwa miaka ya 1990 yalianza mafunzo yaliyowakumbusha wavuvi, kwa dalili za Kurani, kuwa mwanadamu ni khalifa katika ardhi na kuwa viumbe ni amana mikononi mwake. "Askari wa doria humwona mtu mchana," alisema. "Mwenyezi Mungu humwona usiku pia."

Adhuhuri tulisali juu ya mchanga mweupe, bila msala. Kijana wetu alichelewa kuinuka katika sijida ya mwisho, nasi hatukumharakisha.

Turudipo Tunduma mikono ilikuwa mitupu. Kijana mwenyewe alimweleza bibi yake habari yote, pasipo kuficha. Ajuza alisikiliza, kisha akatugeukia sisi: "Na ninyi wazazi mlikuwa wapi?" Hatukuwa na jibu.

Ndugu wasomaji, swali hilo tumelileta kwenu kwa kuwa halihusu bahari peke yake. Mto Songwe, ulio mpakani mwetu na Malawi, humwaga maji yake katika Ziwa Nyasa, nasi hula usipa wa ziwa hilo. Mtoto atupapo mfuko wa plastiki mtaroni nasi tukanyamaza, hujifunza kutokana na kunyamaza kwetu, kama kijana wetu alivyojifunza siku ile. Tangu safari hiyo, kila Jumamosi nyumba yetu husafisha mtaro ulio mbele ya mlango, watoto wakiwa nasi. Kazi ni ndogo, lakini bibi yao hukaa kibarazani akitutazama, na hajatuuliza tena tuko wapi.

Wabillahi tawfiki.