Akiba Haiozi

Wahenga walisema kwamba akiba haiozi. Niliisadiki mithali hiyo tangu utoto wangu, wala sikuwa na sababu ya kuitilia shaka, mpaka siku moja nilipofunua kopo kwa mkono wangu mwenyewe nikakuta akiba imeoza. Na aliyeiozesha nilikuwa mimi.

Kwetu ni Sangailu, upande wa kusini-mashariki wa Kaunti ya Garissa, si mbali na msitu wa Boni na mpaka wa Somalia. Wenyeji wengi wa huko ni Wasomali, na mali yao ni mifugo. Jikoni kwetu hakuna anasa, lakini kuna utaratibu. Kila usiku mama hukoroga unga na maji, akatia chachu aliyoibakiza jana. Alfajiri rojo hiyo huwa imeumuka. Huimimina kwa upawa juu ya kikaango cha moto, akaizungusha kutoka katikati kwenda nje, akaifunika mpaka iive kwa upande mmoja tu. Hiyo ndiyo anjera, tunayoila asubuhi kwa samli, sukari na chai ya maziwa yenye iliki. Kabla ya kumimina rojo ya mwisho, mama hubakiza kikombe kimoja, maana kesho nayo ina haki yake.

Bibi yangu alikuwa mwalimu wa mama katika utaratibu huo. Sikupata kuyathamini mafundisho yake mpaka njaa ilipobisha mlangoni.

Mvua za vuli za mwaka 2020 zilikuwa haba, na masika ya 2021 yakawa haba vilevile. Mwezi wa Septemba mwaka huo Serikali ya Kenya ilitangaza ukame kuwa janga la taifa. Jikoni kwetu tangazo lilikwisha kufika zamani: chai ilikuwa nyeusi, na kibuyu cha maziwa kilining'inia kitupu. Usiku mmoja bibi alimwambia baba, "Mwanangu, mchinje yule ng'ombe tasa angali na mafuta."

Baba alishtuka. Kwa mfugaji, kuchinja ng'ombe mzima pasipo harusi wala mgeni ni kama mkulima kula mbegu zake. Alijibu kwa adabu, "Mama, tungoje kidogo. Huenda mvua ikanyesha."

"Ikinyesha tutamshukuru Mungu, na nyama tutakuwa nayo," bibi alisema. "Isiponyesha, utachinja mifupa."

Baba hakulala vizuri usiku ule, lakini asubuhi alinoa kisu. Fungu moja la nyama lilikwenda kwa majirani, kama ilivyo desturi. Lililobaki likawa la nyirinyiri.

Pengine msomaji hajapata kuila nyirinyiri, basi nitaeleza. Nyama hukatwa vipande vyembamba, virefu kama mishipi, ikaanikwa juani juu ya kamba. Jioni huingizwa ndani isipate umande, na asubuhi hutolewa tena. Ikikauka hukatwakatwa vipande vidogo kama punje za mahindi, ikakaangwa katika mafuta polepole. Kisha hutiwa katika kopo safi na kavu, ikafunikwa kabisa kwa samli ya moto iliyotiwa iliki na kitunguu saumu. Ikitengenezwa vema hukaa miezi kadhaa. Siri yake si uchawi. Kuoza ni kazi ya vijidudu, na vijidudu haviwezi kustawi pasipo maji. Jua na moto huyaondoa maji. Samli huizuia hewa na unyevu visiingie tena.

"Nyama yenye maji husema katika mafuta," bibi alinifundisha. "Ikinyamaza, imekauka. Usiiepue kabla haijanyamaza."

Nyama ilikuwa nyingi, kwa hiyo iligawanywa katika sufuria mbili. Bibi aliketi penye moja, nami nikapewa ya pili. Jua lilikuwa likishuka. Nje wenzangu walikuwa wakicheza mpira, wakiniita kwa jina. Niliinama juu ya sufuria yangu nikasikia mchirizo mdogo ungali ukiendelea. Nikaiepua.

Macho ya bibi yalikuwa yamedhoofika kwa uzee na moshi. Aliniuliza, "Imenyamaza?"

Nikajibu, "Imenyamaza." Nikaenda kucheza.

Majuma matatu baadaye niliagizwa kulifungua kopo langu. Juu ya samli palikuwa na ukungu wa kijivu, na harufu iliyotoka ilinirudisha nyuma. Bibi aliinusa mara moja, asiniulize neno. Alinipa jembe akasema niifukie mbali, mbwa wasije wakaila. Sikupigwa. Ningalipigwa, labda ningalipata nafuu. Nilikuwa nikifukia nusu ya ng'ombe wa baba.

Kopo la bibi halikuwa na dosari. Kila jioni mama alichota vijiko vichache, akatia juu ya ugali au juu ya mahindi na maharagwe, na chakula kikavu kikawa chakula cha watu. Hata hivyo, baada ya siku chache niligundua kwamba sahani ya bibi ilikuwa na ugali mtupu. Mama alipomsihi, alisema kwamba meno yake hayapendi nyama. Nilijua meno yake. Kopo lililokusudiwa kuwa mawili lilikuwa limebaki moja, na pengo lilipaswa kuzibwa na mtu. Ndipo nilipofahamu kwamba uongo wangu wa neno moja ulikuwa ukilipwa na bibi kila jioni.

Mvua zilikosekana misimu mitano mfululizo, mpaka vuli ya 2022. Katika Kenya ilikufa mifugo zaidi ya milioni 2. Wetu wengi walikuwa miongoni mwao, na tai walikula kuliko sisi. Baba aliwahi kusema, akitazama zizi, "Katika wote nilionao na niliokuwa nao, yule tasa peke yake ndiye aliyetufaa katika kufa kwake." Nilitazama chini, kwa kuwa nusu ya manufaa hayo niliyafukia mimi.

Masika ya 2023 yalipoleta mvua, nilimwendea bibi nikamwungamia. Alicheka kidogo akasema, "Mjukuu wangu, macho yangu ni mabovu, lakini masikio ni mazima. Niliisikia nyama yako ikisema." Nikamwuliza kwa nini hakunizuia. Alinyamaza kitambo, kisha akasema, "Nilikuuliza. Nami pia nilikosea: nilitaka kukuamini kuliko nilivyotaka nyama."

Wahenga hawakusema uongo. Akiba haiozi, lakini kwanza lazima iwe akiba kweli, iliyokaushwa kwa subira mpaka mwisho. Kitu kilichofunikwa kabla ya wakati wake si akiba, hata kama samli inang'aa juu yake. Siku hizi mimi ndiye nikaangaye nyirinyiri nyumbani. Nyama inyamazapo, hungoja kidogo tena kabla ya kuepua, na sahani ya kwanza ni ya bibi.