Nyumba Mgongoni: Jinsi Tulivyochagua Kijumba cha Pikapu

Akina mama wenzetu, tunaishi Reading, Uingereza, na watoto wetu wawili. Wengi wenu mnaijua pikapu. Huko nyumbani inabeba mikungu ya ndizi, mifuko ya saruji, na wakati mwingine hata maharusi. Huku kwetu inabeba mashine za kukata nyasi, kwa maana Baba watoto ni mtunza bustani. Leo tungependa kuwaeleza jinsi pikapu hiyo hiyo ilivyobebeshwa nyumba, na hesabu tulizopiga kabla ya kuitoa akiba yetu ya miaka mitatu.

Kijumba tunachokizungumzia ni chumba kidogo chenye kitanda, jiko, sinki na meza. Kinakaa kwenye bodi ya nyuma ya pikapu, na sehemu yake ya juu, yenye kitanda, inatokeza mbele na kufunika paa la gari. Kina miguu minne ya jeki. Ukitaka kukishusha, unaiteremsha miguu, unakiinua kijumba kidogo, kisha unaiondoa pikapu chini yake. Kijumba kinabaki uani kimesimama kama ghala la mahindi, na gari linakwenda kazini.

KWA NINI TULIKITAKA

Kazi ya bustani haina Jumamosi. Mama watoto naye anawahudumia wazee kwa zamu, usiku na mchana. Kuna majuma tuliyokuwa tukionana mlangoni tu, mmoja anaingia na mwingine anatoka. Kisha zikaja habari kwamba Bibi, mama yake Baba watoto, atakuja kutoka Lushoto kukaa nasi miezi mitatu. Alikuwa ametimiza miaka 74, na magoti yake yalimsumbua. Hakuna aliyetamka, lakini sote tulijua kwamba huenda hiyo ikawa safari yake ya mwisho ya mbali. Wajukuu wake walikuwa wakimfahamu kwa simu tu, na Kiswahili chao kilikuwa cha kuokoteza. Je, mgeni wa namna hiyo tungemwacha akae peke yake sebuleni mbele ya televisheni?

Tuliamua kwamba kila mwisho wa juma utakaopatikana tutatoka pamoja. Swali likawa, tutalala wapi? Hoteli kwa watu watano ni vyumba viwili, na fedha zingekwisha kwa safari mbili. Hema ni rahisi, lakini huwezi kumlaza chini bibi mwenye magoti mabovu, tena katika baridi ya huku. Karavani ya kukokotwa isingeingia katika ua wetu mwembamba, nasi tungelipia mahali pa kuiegesha mwaka mzima. Gari zima la kulala lingekuwa na injini ya pili ya kutunza, bima ya pili, kodi ya pili na ukaguzi wa pili wa kila mwaka. Pikapu tulikuwa nayo tayari. Kijumba hakina injini, nacho huhesabiwa kuwa ni mzigo uliopakiwa. Hata hivyo tuliwaarifu watu wa bima, tukaomba na ruhusa ya mwenye nyumba kukisimamisha uani. Ni vyema kuuliza kabla ya kununua kuliko kuhamishwa baadaye.

KWANZA UZITO

Mama mwenzetu, ukisahau yote tutakayosema, usisahau hili: pikapu ina kikomo cha uzito. Kikomo hicho kimeandikwa kwenye kibao cha mtengenezaji, ambacho aghalabu hubandikwa karibu na mlango au chini ya boneti. Pikapu yetu hairuhusiwi kuzidi kilo 3,200 pamoja na kila kilichomo. Tuliijaza mafuta, tukashusha zana zote, tukaipeleka kwenye mizani ya magari. Ikatoka kilo 2,100. Kwa hiyo tulibakiwa na kilo 1,100.

Ukisikia kilo 1,100 unaona ni nyingi. Lakini watu nao ni mzigo. Sisi wawili na watoto wawili ni kilo 230. Bibi ni 65. Zikabaki 805, na kijumba bado hakijapanda.

Kijumba cha kwanza tulichokipenda kilikuwa na bafu, choo, friji kubwa na makabati ya kung'aa. Mama watoto alikaa mezani akaona kama yuko kwake. Karatasi yake ilisema kilo 780 kikiwa kitupu. Muuzaji alisema, "Wote wanabeba hivi hivi, springi zitaongezwa nguvu." Tulikaa garini tukapiga hesabu. Zingebaki kilo 25 kwa ajili ya maji, gesi, chakula, nguo na matandiko ya watu watano. Haiwezekani. Springi ngumu huinua mgongo wa gari usilale, lakini haibadilishi kikomo kilichoandikwa kwenye kibao, wala haiongezi nguvu ya breki. Gari lililozidishwa huchelewa kusimama na matairi yake hupata moto. Askari akilipima, utalipa faini. Na ajali ikitokea, bima inaweza kukataa kukulipa. Tulimshukuru muuzaji, tukaondoka. Mama watoto hakusema neno mpaka nyumbani, na Baba watoto hakumlaumu kwa ukimya wake.

Kijumba tulichokinunua kina kilo 560. Kutoka 805 zikabaki 245. Mtungi wa gesi na gesi yake ni kilo 15, betri 25, vyombo, nguo, matandiko na chakula 110, hema dogo la kupanga pembeni 20. Zikabaki 75. Tangi la maji linachukua lita 60, na lita moja ya maji ni kilo moja. Hapo tukakata shauri kwamba Bibi akiwemo tutasafiri na lita 10 tu, na kujaza tangi tukifika kambini. Baada ya kupakia kila kitu tulirudi mizanini, kwa sababu maneno ya karatasi hayapimi mapazia na vikorokoro vilivyoongezwa baadaye. Ikatoka kilo 3,160. Tulikuwa na akiba ya kilo 40. Tuliipima pia ekseli ya nyuma peke yake, maana ndiyo inayobeba sehemu kubwa ya mzigo huu na ina kikomo chake.

Tena, uzito mkubwa wa kijumba unapaswa kukaa juu ya ekseli ya nyuma au mbele yake kidogo. Ukiangukia nyuma ya ekseli, magurudumu ya mbele yanakuwa mepesi na usukani haushiki vizuri. Pikapu ya milango minne kama yetu ina bodi fupi, kwa hiyo lazima kijumba kiwe kilichotengenezwa kwa bodi fupi. Pikapu ya milango miwili ingebeba kwa nafasi zaidi, lakini watoto wangekaa wapi? Gari linapokwenda, hakuna mtu ndani ya kijumba. Wote watano tunakaa kwenye viti vya gari tumefunga mikanda.

PILI UNYEVU

Vijumba vingi vya zamani vina mifupa ya mbao na kuta za plaiwudi. Maji yakipenya kwenye ungo wa dirisha au kiungo cha paa, mbao zinaoza ndani kwa ndani huku nje panang'aa. Tulikagua vijumba vinne. Kimoja kilikuwa na mapazia mapya ya maua na harufu ya manukato. Mama watoto, ambaye amezoea kunusa kabati la nguo na kujua kama kuna ukungu, alifungua boksi la chini ya kiti, akainama, akanusa. Kisha akabonyeza kwa kidole gumba chini ya dirisha, na ukuta ukabonyea kama mkate. Tukaaga. Hapo ndipo mwanamke ana faida yake, kwa maana jicho lililokagua maharage sokoni halidanganywi na pazia.

Kwa hiyo bonyeza kila kona, hasa juu ya kitanda na kuzunguka madirisha. Tembea sakafuni taratibu. Inua magodoro. Nenda siku ya mvua ukiweza.

TATU MIGUU, KAMBA NA TAA

Ijaribu kila jeki mwenyewe. Miguu yote minne iinuliwe kidogo kidogo kwa zamu, kijumba kisiinamie upande mmoja, na watoto wakae mbali. Pima kama pikapu yako inapita katikati ya miguu. Vifungo vya kukishikilia kijumba vifungwe kwenye mabano yaliyoshikana na chesisi, siyo kwenye bati jembamba la bodi. Sisi tukishakwenda kilometa 20 hivi tunasimama na kuvikaza tena. Kama kijumba kinazifunika taa za nyuma na namba ya gari, lazima kiwe na taa na namba zake. Tulipima pia kimo, tukakiandika kwenye karatasi na kuibandika mbele ya dereva, kwa kuwa maegesho mengi huku yana chuma cha kuzuia magari marefu.

NNE GESI

Hili linawahusu hata ninyi mlio nyumbani msio na kijumba. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa. Ikivuja, inatuama chini. Ndiyo maana kabati la mtungi linapaswa kufungwa lisipitishe gesi ndani, na kuwa na tundu chini la kuitolea nje. Tulichagua propani, kwa sababu butani inagoma baridi inapokaribia nyuzi sifuri. Tuliweka king'ora cha moshi na king'ora cha kaboni monoksidi. Gesi hii ya pili haina rangi wala harufu. Inatoka pale moto unapokosa hewa ya kutosha, na huua watu wakiwa usingizini. Bibi alitusimulia habari za watu walioingiza jiko la mkaa chumbani wakati wa baridi ya Usambara, wakafunga dirisha, na hawakuamka. Tafadhali, mama, mkaa ubaki nje, hata kama watoto wanatetemeka.

TULICHOKIPATA

Kijumba chetu hakina bafu, na choo chake ni kile kidogo cha kubebeka kinachofichwa chini ya kiti. Kitanda cha juu kina ngazi, ambayo Bibi asingeiweza, hivyo watoto walilala juu, na tukafunga wavu wasianguke. Meza ya chakula inashushwa na kuwa kitanda; hicho kikawa cha Bibi. Sisi tulilala hemani. Ngazi ya mlangoni ni ndefu kijumba kikiwa juu ya pikapu, basi tulikuwa tukifika tunakishusha karibu na ardhi, na Bibi anaingia kwa kidaraja kimoja.

Tulikwenda naye mara tano. Safari moja tulifika Swanage, pwani ya kusini. Bibi aliitazama pikapu, akaitazama nyumba juu yake, akacheka: "Wanangu, mmekuwa konokono." Akachovya mguu baharini, akautoa mara moja na kusema kwamba maji haya yametoka kwenye friji. Jioni mvua ilinyesha. Tukajibana sote watano ndani, magoti kwa magoti, tukila wali na maharage. Hapakuwa na televisheni wala mahali pa kukimbilia. Bibi akaanza, "Hapo zamani za kale," na mtoto mdogo akauliza "za kale" ndiyo nini. Akaelezwa. Usiku ule tulisikia kutoka hemani wakitegeana vitendawili gizani, Bibi akisema "Kitendawili," na sauti mbili zikiitika "Tega!" Baba watoto alinyamaza muda mrefu. Kisha akasema kwamba tangu aondoke Lushoto hakuwahi kulala akisikia sauti hiyo.

Bibi amekwisharudi kwake. Watoto sasa wanampigia simu wenyewe, na wanamtegea vitendawili ambavyo wamevitunga, vingine havina hata jibu.

Mama mpendwa, huenda wewe hutanunua kijumba cha pikapu maisha yako yote. Lakini utanunua cherehani, au jiko, au kiwanja, au mtamnunulia mtoto baiskeli. Kaeni chini wewe na mwenzako, na kalamu mkononi. Ulizaneni kwanza kitu hiki ni kwa ajili ya nani. Hesabuni kinachoweza kubebwa, siyo kinachotamaniwa. Bonyezeni ukuta kabla ya kusifia pazia. Na mkiona hesabu imekataa, ondokeni bila kununiana. Kizuri kilichozidi uwezo wa gari hakiwafikishi mahali, na kidogo kinachowatosha kitawafikisha wote, Bibi akiwemo.